Miaka Yake Nayo Ihesabiwe

Msikilizaji, mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtu aliyezaliwa na hali ya Down nchini Marekani aliishi kwa wastani miaka 25 hivi. Leo wastani huo unakaribia 60. Hali yenyewe haikubadilika. Ni ileile kromosomu moja ya ziada, ya namba 21. Waliobadilika ni watu wanaomzunguka. Madaktari waliokuwa wakiwaacha watoto hawa wafe na matundu ya moyo walianza kuwapasua kama wanavyowapasua wengine, vichomi vikatibiwa kwa wakati, na waliokuwa wamewekwa kwenye mabweni makubwa mbali na jamii wakarudi kuishi na ndugu na majirani. Kwetu huduma hizo hazijamfikia kila mtoto, lakini zipo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inapasua watoto moyo, jambo ambalo zamani wazazi wengi walilifuata India. Maana yake ni kwamba miaka ijayo nyumba zetu zitakuwa na watu wa miaka 30, 40 na 50 wenye ulemavu wa akili, wengi kuliko ilivyopata kuwa. Nasema jioni ya leo kwamba hatujajiandaa kuishi nao kama watu wazima, na kwamba gharama ya kutojiandaa wanailipa wao.

Tatizo linaanzia kwenye kauli moja ambayo utaisikia mahakamani, hospitalini, magazetini na jikoni: "Ana miaka 30, lakini akili yake ni ya mtoto wa miaka 5." Inasemwa kwa huruma, na inasemwa kana kwamba ni kipimo cha daktari kama joto la mwili. Tuangalie ilikotoka. Mwaka 1905 pale Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua wanafunzi waliohitaji msaada zaidi darasani. Mwaka 1908 wakayapanga maswali hayo kwa umri: haya yanajibiwa na watoto wengi wa miaka 5, haya na wa miaka 8. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern akashauri umri huo wa majibu ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akaufanya mgawanyo huo kuwa namba inayojulikana dunia nzima. Binet mwenyewe, aliyefariki mwaka 1911, alipinga wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kupimwa kisichoongezeka, na alibuni mazoezi ya kuikuza. Kipimo chake kilisema neno dogo tu: mtu huyu amejibu maswali mengi kama anayojibu mtoto wa kawaida wa umri fulani. Basi.

Sasa mtazame huyo wa miaka 30. Ameshuhudia misiba ya babu na bibi. Amewaona wadogo zake wakiolewa, wakihama, wakirudi na watoto. Anajua ni nani ndani ya nyumba amekasirika hata kabla hajafungua mdomo. Mwili wake ni wa mwanamke au mwanamume aliyekomaa, wenye hedhi au ndevu, matamanio na uchovu wa umri wake. Watafiti wa lugha wamegundua kwamba watu wengi wenye hali ya Down huendelea kuongeza maneno wanayoyaelewa hadi utu uzima, hata pale sarufi yao inapokwama, kwa sababu maneno huja na maisha. Hakuna mtoto wa miaka 5 mwenye vitu hivyo. Ndiyo maana wataalamu wenyewe wamejitenga na namba ile: mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo lake la 5 la mwaka 2013, unapanga uzito wa ulemavu wa akili kwa kuangalia jinsi mtu anavyomudu maisha ya kila siku, na si kwa alama za mtihani. Lakini kauli ya umri wa mtoto imebaki midomoni mwetu, na kila inaposemwa inafuta miaka 25 ya maisha ya mtu.

Ninachopendekeza ni kanuni moja. Umri wa mtu uamue afundishwe nini na apewe heshima gani. Uwezo wake uamue afundishwe vipi na asaidiwe kiasi gani. Tukichanganya haya mawili, tukaacha uwezo uamue yote, tunapata kijana wa miaka 17 anayeimbishwa nyimbo za chekechea kwa sababu hajui kusoma. Wazo hili si geni. Mwaka 1969 Bengt Nirje wa Sweden aliandika kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili anastahili mwendo wa kawaida wa siku, wa wiki, wa mwaka na wa maisha: aamke na kulala saa wanazoamka na kulala watu wa rika lake, awe na mahali pa kazi na mahali pa mapumziko, apitie utoto, ujana na utu uzima, kila kimoja kwa wakati wake. Miaka 10 baadaye, huko Wisconsin, Lou Brown na wenzake walilipeleka wazo hilo darasani. Waliwakuta vijana wenye ulemavu mkubwa wakifundishwa kwa vifaa vya watoto wachanga kwa madai kwamba hawajawa tayari kwa mengine. Wao wakauliza: mtu huyu atahitaji kufanya nini atakapokuwa na miaka 21, na katika mitaa gani? Wakaanza kufundisha kutokea hapo kurudi nyuma.

Swali hilo linafaa kuulizwa katika kila kitengo cha elimu maalumu Tanzania na Kenya. Mtoto wa miaka 6 kuunga shanga ni sawa, vidole vinapata nguvu. Kijana wa miaka 18 kuunga shanga zilezile asubuhi na kuzifumua jioni ili kesho aziunge tena ni kupoteza maisha yake. Vidole hivyohivyo vinaweza kujifunza kufunga vifungo vya shati, kumenya viazi, kufua na kuanika, kuhesabu nauli, kushuka kituo sahihi cha daladala, kupokea chenji na kuihakiki. Mtaala wa umilisi wa Kenya umeweka njia ya hatua kwa wanafunzi wasioweza kufuata mtaala wa kawaida: hatua ya msingi, ya kati, ya kabla ya ufundi, na ya ufundi. Ni mpango mzuri, kwa kuwa mwisho wake ni kazi. Hatari yake ni moja: mwanafunzi wa miaka 16 aliye bado hatua ya msingi kufundishwa kwa picha za dubu na mpira wa rangi. Hatua inaeleza alipofika katika kujifunza, lakini rangi zile anaweza kuzijifunza kwa nyanya mbichi na mbivu, za kuuza.

Najua kuna anayesema: haya ni matumaini tu, hawa hawafundishiki. Hoja hii ilijibiwa kwa breki ya baiskeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marc Gold, wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliwaendea watu wenye ulemavu wa akili wa kati na mkubwa waliokuwa kwenye karakana maalumu za watu wenye ulemavu, mahali ambapo kazi ilikuwa kupanga na kupanga upya vitu vyepesi. Aliwapa breki ya baiskeli yenye vipande 15 waiunganishe. Wengi wa watu wasio na ulemavu hawajui kuiunganisha. Gold hakusema sana, kwa kuwa maneno mengi ndiyo yaliyowachanganya. Aliikata kazi vipande vidogo, kwa baadhi yao akapaka rangi upande wa kila kipande unaopaswa kumwelekea anayeunganisha, na mtu alipokosea akaambiwa tu ajaribu namna nyingine. Karibu wote walijifunza. Gold alihitimisha kwamba mtu asipojifunza, cha kuhojiwa kwanza ni njia ya mwalimu. Na tafiti za Marekani zilizofuatilia vijana baada ya shule zilikuta kwamba wale ambao wazazi wao walitarajia watafanya kazi ndio waliopata kazi za malipo kwa wingi zaidi. Mtu makini atauliza kama wazazi hao hawakutarajia hivyo kwa sababu tu watoto wao walikuwa na nafuu. Sehemu ya maelezo huenda ikawa hiyo. Lakini watu wa Gold hawakuwa na nafuu yoyote, wala hakuna aliyetarajia kitu kutoka kwao, na breki zilifunga.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu katika jamii za Waswahili na majirani zao umri ni cheo. Anayezidi umri anaamkiwa shikamoo, anapishwa kiti, anaulizwa neno lake baraza linapokaa. Cheo hicho hakidai elimu wala mali. Mzee asiyejua kusoma na asiye na shamba anacho. Mtu mwenye ulemavu wa akili ni karibu peke yake anayeongeza miaka bila kuongezewa heshima. Ana miaka 45, na watoto wa darasa la pili wanamwita kwa jina tupu, wakati mdogo wake wa miaka 40 ni "Baba Fulani" na shikamoo zake ni za kila asubuhi. Mgeni anapoingia anamuuliza mama, "Huyu anakula nini?" huku mwenyewe ameketi palepale. Na hapa kuna ukatili ambao hausemwi. Linapokuja suala la kazi, utu uzima wake unakumbukwa. Anachota maji, anakata majani ya ng'ombe, anatumwa dukani mara kumi kwa siku, anabeba mzigo wa mtu mwenye misuli ya miaka 45. Linapokuja suala la malipo, la kuulizwa, la kuwa na pesa mfukoni na shati alilolichagua, anarudishwa utotoni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inatamka kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Nadhani waliouandika mstari huo walijua kwamba udunishaji huanzia kwenye salamu.

Matarajio ya umri hayasubiri mtu afike miaka 18. Mtoto mwenye ulemavu wa akili huachiwa mengi kwa maneno "mwache, hajui". Anamkumbatia kila mgeni, na watu wanacheka kwa kuwa ana miaka 5 na anapendeza. Anakalia mapaja ya kila mjomba. Anavua nguo sebuleni na hakuna anayemwambia akavulie chumbani. Miaka 15 baadaye anafanya yaleyale aliyofundishwa kwamba ni sawa, mwili umekuwa wa mwanamume, na barabarani anamkumbatia binti asiyemjua. Watu wanapiga kelele, wanakusanyika, na anapigwa. Hakufanya kosa jipya hata moja. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa huyu ulimwengu hufunza kwa fimbo na mawe. Kumtarajia mtoto wa miaka 5 ampe mgeni mkono na kusema hujambo, asubiri zamu yake, aokote alichomwaga, aambiwe hapana na hapana ibaki hapana, ni kumpenda kwa kuangalia mbali. Itachukua muda mrefu zaidi kuliko kwa nduguze, na ndiyo sababu ya kuanza mapema.

Hofu kubwa ya wazazi, na ninaielewa, ni kwamba mtu huyu akitendewa kama mtu mzima atadhulumiwa. Hofu hiyo ina msingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la The Lancet, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta kwamba watoto wenye ulemavu wa akili au matatizo ya akili wako katika hatari ya ukatili wa kingono mara 4.6 zaidi ya watoto wasio na ulemavu. Lakini tujiulize nani anadhulumiwa kirahisi zaidi. Ni yule aliyefundishwa kutii kila mtu mkubwa, aliyezoea kuvuliwa na kuogeshwa na yeyote, asiye na jina la viungo vyake vya siri, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kukataa. Wasichana wengine wanapovunja ungo, wanawekwa chini na shangazi au somo na kuelezwa mambo ya mwili. Msichana mwenye ulemavu wa akili anarukwa kwa kudhaniwa kwamba hatayahitaji. Anayemvizia anajua kwamba hajaelezwa. Kumficha hakujawahi kuwa ulinzi, maana wadhalimu wengi hawatoki mbali, ni watu wanaoingia na kutoka nyumbani. Mwaka 1972 Mmarekani Robert Perske aliandika kwamba kuna heshima katika kuruhusiwa kukabili hatari za kawaida za maisha. Naongeza tu kwamba hatari hizo zikabiliwe na mtu aliyeandaliwa: anayejua nauli, njia, jina la mtu wa kumwendea, na neno la kukataa.

Huzuni nayo ni ya umri. Mama anapofariki, mara nyingi mwanawe mwenye ulemavu wa akili hupelekwa kwa jirani hadi maziko yaishe, na akiuliza huambiwa mama amesafiri. Wanaofanya hivyo wanadhani wanamkinga. Daktari wa akili Sheila Hollins na mwenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1997 Uingereza, waliwachunguza watu wazima 50 wenye ulemavu wa akili waliofiwa na mzazi na kuwalinganisha na wengine 50 wasiofiwa. Waliofiwa walikuwa na msongo na mabadiliko ya tabia zaidi, na waliowatunza mara nyingi hawakuyahusisha mabadiliko hayo na msiba. Sisi tuna utaratibu wa msiba ambao mataifa mengi yangeutamani: watu wanakaa chini pamoja, wanalia pamoja, kuna kuaga mwili au kuswalia, kuna udongo wa kutupia kaburini, kuna arobaini. Hakuna kati ya hayo linalohitaji kusoma na kuandika. Mtu aliyelala nyumba moja na mama yake kwa miaka 40 anyimweje nafasi ya kumzika?

Pingamizi zito zaidi limetoka kwa walimu wenyewe, na halistahili kupuuzwa. Katika miaka ya 1980, kwenye shule ya hospitali ya Harperbury nchini Uingereza, Dave Hewett na Melanie Nind walifanya kazi na watu wazima wenye ulemavu mkubwa mno, wasiosema, wengi wakijitikisa au kujiumiza siku nzima. Waliona kwamba watu hao walifunguka walipofuatwa kwa mchezo kama ule wa mama na mtoto mchanga: kuigiza sauti yake, kusubiri, kutazamana, kucheka pamoja. Wakosoaji wakasema hilo haliendani na umri. Nind na Hewett wakajibu kwamba kanuni ya umri ilikuwa imegeuka kizuizi, ikiwanyima watu hawa mazungumzo pekee waliyoweza kuyashiriki. Walikuwa sahihi. Mtu asiyeweza kusema anahitaji kufikiwa pale alipo, na hata kanuni niliyoieleza inasema hivyo: namna ya kumfikia iamuliwe na uwezo. Utu uzima wake ulindwe kwingine, kwenye kufunga mlango anapoogeshwa, kwenye nguo anayovalishwa, kwenye kutojadili choo chake mbele ya wageni. Vivyo hivyo mwanamke wa miaka 35 anayempenda mwanasesere wake asinyang'anywe kwa jina la heshima. Wako mameneja wa benki wanaotazama katuni, na hakuna anayewanyang'anya rimoti. Kibaya ni pale mwanasesere anapokuwa kitu pekee alichowahi kupewa kuchagua.

Na wako watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Mengi niliyoyataja hayana bei: salamu, swali kuelekezwa kwa mwenyewe, mlango kufungwa, nafasi msibani. Yanayohitaji fedha ni walimu wa ufundi katika vitengo vya elimu maalumu na mtu wa kumpokea mama mzigo walau siku mbili kwa wiki, kwa sababu mama aliyechoka hana muda wa kumsubiri mwanawe afunge vifungo sita vya shati. Atamfungia mwenyewe waondoke. Kumlaumu mama huyo ni dhuluma. Halmashauri na kaunti ndizo za kuulizwa.

Sheria kwa sehemu kubwa imeshatangulia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema katika kifungu cha 12 kwamba watu hawa ni watu kamili mbele ya sheria, na kwamba anayeshindwa kuamua peke yake asaidiwe kuamua. Katiba ya Tanzania, ibara ya 5, inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia kupiga kura mwenye ugonjwa wa akili, na ya Kenya, ibara ya 83, inamwondoa kwenye daftari la wapiga kura, kwa sababu ya akili, yule tu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, na mtu hatangazwi hana akili timamu na mjomba wake sebuleni. Hata hivyo wengi hawajawahi kufikishwa kwenye dawati la kuandikishwa, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyedhani wamefika umri. Mzazi unayenisikiliza, ambaye mwanao mwenye ulemavu wa akili anatimiza miaka 18 mwaka huu, mpeleke akaandikishwe kitambulisho cha taifa, kwa jina lake na kwa alama za vidole vyake. Na afisa utakayempokea, muulize yeye jina lake.